Maharage ya Gizani Yaliporefuka Kuliko ya Dirishani: Uchambuzi wa Kisa cha Darasa la Nne

Kisa hiki kinahusu jaribio ambalo karibu kila mwalimu wa Sayansi wa shule ya msingi amelifanya au amelisoma: maharage machache yanawekwa kwenye mwanga, mengine gizani, kisha watoto wanaona wenyewe kwamba mmea unahitaji mwanga. Tumekiandika kwa ajili ya walimu wanaofundisha madarasa makubwa bila maabara. Jina la shule, la kata na la mwalimu yameondolewa, na mambo machache madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.

Usuli

Shule ni ya serikali, katika mji mdogo wa pwani ya Tanzania. Darasa la Nne lina wanafunzi zaidi ya 80 ndani ya chumba kimoja. Madirisha ya upande mmoja yanatazama mashariki, na jua la asubuhi huingia hadi kwenye madawati ya mbele. Maabara hakuna, na bustani ya shule hufa kila kiangazi kwa kukosa maji.

Watoto wenyewe si wageni wa mimea. Nyumbani kwao kuna minazi, mihogo, na vibustani vya mchicha nyuma ya jiko. Nalitaja hili mapema kwa sababu tunapoandaa somo la mimea huwa tunaanza kana kwamba mtoto hajawahi kuona mbegu ikiota, na katika kisa hiki ujuzi wa nyumbani ndio uliokuja kulifungua somo pale lilipokwama.

Mwalimu mhusika ana uzoefu wa miaka kadhaa na analipenda somo lake. Mada ilikuwa mahitaji ya mmea. Ulikuwa muhula wa pili, Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne uko mbele yao, na uongozi wa shule ulikuwa unafuatilia kwa karibu mada zilizokwisha na zilizobaki.

Mimi niliingia katika kisa hiki kama mwezeshaji wa jumuiya ya ujifunzaji chini ya MEWAKA, utaratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini. Mwalimu alilileta jambo lake kikaoni likiwa bado linaendelea. Sehemu ya yanayofuata niliyaona darasani. Sehemu nyingine nimeitoa kwenye maandalio yake na madaftari ya watoto.

Maandalizi

Darasa liligawanywa makundi kumi. Kila kundi lilipata vyombo viwili vyenye udongo, kimoja cha kukaa dirishani na kingine cha kukaa ndani ya boksi kubwa la karatasi ngumu, lililozibwa mianya kwa selotepu na kuwekwa nyuma ya darasa. Vyombo vilikuwa vifuu vya nazi. Watoto walivileta kutoka nyumbani bila gharama yoyote, na kila kifuu kinachukua mbegu tatu au nne bila kubanana.

Upande wa mbegu kulikuwa na jambo moja ambalo lingeweza kuleta madhara. Mwalimu mwenzake aliyeagizwa kununua maharage alipitia duka la pembejeo akaleta mbegu zilizopakwa rangi ya waridi. Rangi ile ni alama kwamba mbegu zimetiwa dawa ya kuua kuvu na wadudu, na mkulima mwenyewe hushauriwa avae glovu anapozipanda. Mwalimu alizirudisha siku ileile akanunua robo kilo ya maharage ya kula sokoni, akachagua yasiyotobolewa na wadudu, akayaosha kwa kuwa nafaka za sokoni nazo huweza kuwa zimechanganywa na dawa ya kuhifadhia. Robo kilo ina mbegu mia kadhaa, kwa hiyo ilitosha na kubaki. Uamuzi huu haukuchukua hata dakika tano, lakini kwangu ni wa kwanza kwa umuhimu katika kisa kizima. Watoto wa miaka tisa na kumi hupeleka mikono mdomoni. Aliwaonya pia wasitafune maharage mabichi, maana yana sumu inayoumiza tumbo mpaka yapikwe vizuri.

Jioni mbegu zililowekwa kwenye ndoo. Asubuhi zilikuwa zimevimba, ganda limelegea. Kabla ya kupanda, kila mtoto alipewa mbegu moja ya kuchambua. Ganda linavuliwa kwa kucha, mbegu inafunguka nusu mbili nene, na kati yake, pembeni kabisa, kuna kitu kidogo kama ncha ya kiberiti: mzizi mfupi uliochongoka, na juu yake majani mawili meupe yaliyokunjwa, madogo kiasi kwamba watoto waliyasogeza karibu na macho ili wayaone mishipa. Ilikuwa kimya darasani, na katika darasa la watoto zaidi ya 80 kimya cha namna hiyo hakiji hivi hivi. Mwalimu aliwaambia kwamba zile nusu mbili nene zinaitwa ghalambegu, akasogea mbele. Hakueleza ghala hilo lina nini ndani. Jambo hili tutalirudia.

Kisha akaandika ubaoni: "Maharage yapi yatakua vizuri zaidi?" Watoto walipiga kura kwa mikono. Karibu wote walisema ya dirishani.

Kilichotokea

Shida ya kwanza ilijitokeza siku ya tano. Katika baadhi ya vifuu hapakuwa na dalili yoyote ya kuota. Watoto walifukua wakakuta mbegu laini, zinanuka. Mvulana mmoja akainamisha kifuu chake na maji yakamwagika. Ndipo wakagundua wenyewe: nazi ikivunjwa, nusu moja huwa na macho na nusu nyingine haina. Vifuu vyenye macho vilikuwa vimetobolewa kwa msumari, maana jicho hutoboka kirahisi. Vile visivyo na macho ni vigumu kama jiwe, na makundi yaliyopata hivyo yalikuwa yamepanda hivyohivyo. Udongo ulijaa maji, hewa ikakosekana, mbegu zikaoza. Mwalimu hakuliacha lipite. Alisimamisha ratiba ya siku hiyo, akaeleza kwamba mbegu inayoota inapumua kama kiumbe kingine chochote, na akaruhusu makundi yale yapande upya kwenye vifuu vyenye tundu. Katika mada ya mahitaji ya mbegu, hitaji la hewa ndilo watoto hulikariri bila kulielewa, na hapa lilieleweka kwa pua.

Shida kubwa ilikuja siku ya kumi. Makundi yalichukua vifuu vya dirishani, kisha boksi likafunguliwa.

Miche ya dirishani ilikuwa mifupi, imenyooka, majani ya kijani yamefunguka. Mrefu wao ulifika kama sentimita 13. Iliyotoka kwenye boksi ilikuwa mirefu mara mbili, mingine sentimita 27, shina jeupe, vichwa vimeinama. Darasa lililipuka. "Mwalimu, ya gizani yameshinda!" Binti mmoja wa dawati la mbele aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, si kwa utani: "Kwani kitabu kimekosea?"

Mwalimu alirudia kura. Safari hii karibu wote walisema mmea hukua vizuri zaidi gizani. Walikuwa na rula mkononi na namba daftarini.

Alichofanya pale ninakiheshimu sana. Hakuwaambia wamekosea, na wala hakuwapa jibu la kitabu ili kufunga mjadala. Aliwaambia: "Andikeni mlichokiona, msiandike mlichotegemea kukiona." Kisha akavirudisha vifuu mahali pake na kipindi kikaisha.

Ofisini alishauriwa vingine. Mwalimu wa taaluma alimwambia, "Madamu, hayo yamwage, uwaandikie notsi. Upimaji hauulizi maharage ya kwenye boksi." Ushauri huu haukuwa wa uzembe. Mtoto anayeingia kwenye mtihani akiamini kwamba giza ni bora atapoteza alama, na mwalimu wa taaluma ndiye atakayeulizwa matokeo yakishuka.

Maamuzi na sababu zake

Kikao cha jumuiya ya ujifunzaji kilikaa wiki hiyohiyo. Tulianza na jambo la msingi: matokeo yale hayakuwa makosa. Maharage yaliyoota gizani lazima yarefuke. Mche unaoota chini ya udongo hauna mwanga. Ukiendelea kukosa mwanga, unatumia nguvu zake zote kurefusha shina ili ufike juu, unaahirisha kufungua majani, na hautengenezi klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, kwa kuwa maharage hayawezi kuitengeneza bila mwanga. Ndiyo maana shina linakuwa jembamba na jeupe, majani madogo ya njano, na kichwa kinabaki kimeinama kama ndoano, umbo ambalo kwa kawaida husaidia mche kupenya udongo bila kuumiza ncha. Chakula cha safari hiyo yote kinatoka kwenye ghalambegu. Siku ya kumi ghala lilikuwa bado halijaisha. Kwa maneno mengine, jaribio lilikuwa limesimamishwa pale hasa linapodanganya.

Hapo uamuzi wa kwanza ulikuja wenyewe: maharage hayamwagwi, jaribio linaongezewa wiki mbili.

Uamuzi wa pili ulikuwa kubadilisha swali, na huu ndio uliochukua muda mrefu kuliko mengine. "Yapi yatakua vizuri zaidi" ni swali ambalo mtoto analijibu kwa rula, na rula itamwambia giza. Mwalimu mmoja alipendekeza tuulize ni mimea ipi yenye afya. Tulikataa, kwa kuwa mtoto angeona moja kwa moja jibu tunalolitaka. Swali tulilokubaliana lilikuwa: "Mche wa gizani unapata wapi chakula, na kitautosha mpaka lini?" Swali hili lina utabiri ndani yake, na utabiri huo unaweza kuangaliwa kwa macho ndani ya siku chache.

Tatu, jaribio lenyewe halikuwa la haki, na mwalimu aliliona hilo kabla yetu. Vifuu vya dirishani vilikauka kufikia saa sita mchana. Vya ndani ya boksi vilibaki na unyevu siku nzima. Watoto walimwagia kwa macho, kila mmoja kwa kadiri ya huruma yake. Kwa hiyo hata urefu ule haukuwa wa giza peke yake, maji nayo yalichangia. Kuanzia hapo boksi lilisogezwa karibu na dirisha ili joto lilingane, likafunikwa kanga nzito kuukuu juu ya karatasi, na maji yakapimwa kwa vifuniko vya chupa ya soda: kila kifuu kilipata idadi ileile ya vifuniko, na kama udongo wa dirishani ulihitaji zaidi, iliandikwa. Boksi lilifunguliwa mara moja tu kwa siku, haraka.

Mtu mmoja alipendekeza jaribio la kuonyesha wanga kwenye jani, lile la kuchemsha jani kwenye spiriti kisha kudondoshea iodini. Tulilikataa bila mjadala mrefu. Mvuke wa spiriti unashika moto kwa urahisi, na katika chumba chenye watoto zaidi ya 80 na jiko moja la mkaa hakuna namna ya kulifanya kwa usalama. Tulichokubali badala yake ni kidogo na salama: mwalimu mwenyewe kudondosha iodini ya vidonda, ile ya duka la dawa, juu ya mbegu iliyokatwa.

Mwisho tuliongeza mambo mawili, kuhamisha sehemu ya miche ya gizani kuja kwenye mwanga, na kupima uzito wa mimea ikiwa imekaushwa. Sikuwa na hakika kama mizani ya kujitengenezea ingeonyesha tofauti. Mwalimu alisema tujaribu.

Matokeo

Kipindi cha iodini kilikuwa kifupi. Mbegu kavu iliyolowekwa ikakatwa iligeuka bluu nyeusi papo hapo. Watoto waliambiwa hiyo ni rangi ya wanga, na mwalimu akadondosha tone jingine kwenye kipande cha muhogo ili waone rangi ileile. Kisha akachukua ghalambegu iliyonyauka kutoka kwenye mche mrefu wa gizani. Ilikuwa imesinyaa, nyembamba. Tone lilibaki karibu na rangi yake ya kahawia, na madoa machache tu ya bluu.

Hapo ndipo yule binti wa dawati la mbele alipozungumza tena. "Kama joya," alisema. Wenzake walimwelewa kabla ya mwalimu. Nazi ikiachwa ikaota, ndani yake hujitengeneza joya, kile kitu laini chenye utamu ambacho watoto wa pwani wanakigombania. Na kila joya linavyokua, nyama ya nazi inapungua, mpaka mwisho unakuta kifuu kitupu. Mtoto mwingine akaongeza kwamba bibi yake hukataa kukunia nazi iliyoota kwa sababu haina tui. Mwalimu aliacha kufundisha kwa dakika kadhaa, watoto wakafundishana. Joya ndilo linalofyonza chakula cha nazi na kukipeleka kwa mnazi mchanga. Kazi ni ileile ya ghalambegu ya harage, isipokuwa kwenye nazi wanaiona kwa ukubwa wa ngumi na wameshaila.

Baada ya hapo utabiri ulibadilika. Makundi mengi yaliandika kwamba ya gizani yatakufa chakula kikiisha. Machache yalishikilia kwamba yataendelea, kwa kuwa yamepandwa kwenye udongo na "udongo ndio chakula". Yote mawili yaliandikwa ubaoni, na mwalimu hakuyafuta kwa wiki mbili.

Miche iliyohamishiwa mwangani ilianza kugeuka kijani ndani ya siku moja hadi mbili. Tuliiweka kwanza kivulini, barazani, na hilo lilikuwa la lazima: mwanafunzi mmoja kwa hamu yake aliupeleka wake juani moja kwa moja na ulikuwa umekauka kufikia mchana. Ile ya barazani ilifungua majani, shina likaacha kurefuka kwa kasi. Iliyobaki ndani ya boksi ilianza kulala katika wiki ya tatu. Mashina hayakuweza tena kubeba vichwa, ghalambegu zikadondoka, na kwenye vifuu vichache ukungu mweupe ukatambaa chini ya shina.

Kupima uzito kulifanyika mwishoni. Mimea kumi ya dirishani na kumi ya gizani iling'olewa na mizizi yake, ikasuguliwa udongo wote kwenye maji, ikaanikwa juu ya bati mpaka ikakauka kabisa na kuvunjika mkononi. Mizani ilikuwa rula ya sentimita 30 iliyoning'inizwa kwa uzi katikati, na vitako viwili vya chupa ya plastiki, kimoja kila upande. Kwanza walipima mimea ya mwangani dhidi ya ya gizani: upande wa mwangani ulishuka mara moja, ingawa ya gizani ndiyo iliyokuwa mirefu. Kisha mwalimu akaweka mbegu kumi kavu, za robo kilo ileile, dhidi ya mimea kumi ya gizani. Mbegu zikashuka.

Walirudia mara nyingi. Walibadilisha pande za rula, wakidhani uzi haupo katikati. Mbegu ziliendelea kushuka. Mmea wa sentimita karibu 30 wenye mizizi, shina na majani ulikuwa mwepesi kuliko mbegu uliotokea. "Umejila wenyewe," alisema mvulana aliyeshika uzi, na sentensi hiyo ikaandikwa ubaoni chini ya swali.

Uchambuzi

*Kipimo.* Kiini cha kisa hiki ni kwamba urefu ulikuwa kipimo pekee, na urefu si ukuaji. Mmea wa gizani ulikuwa unahamisha chakula kutoka sehemu moja ya mwili wake kwenda nyingine, huku sehemu ya chakula hicho ikipotea kwa kupumua. Hakuna kilichoongezeka ila maji na urefu. Uzito mkavu ndio unaosema ukweli kuhusu chakula kilichotengenezwa, na bila huo usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, unabaki kuwa neno la kukariri. Nadhani mizani ya rula inafaa kuingia katika kila somo la mahitaji ya mmea. Haigharimu kitu, na watoto wanaiamini kwa kuwa wameifunga wenyewe.

*Muda.* Ratiba nyingi za jaribio hili huishia wiki moja au siku kumi kwa sababu ndipo watoto wanapochoka na mada inapokwisha. Kwa maharage huo ni muda mbaya kuliko yote: ghala lina chakula bado, tofauti ya urefu iko kileleni, na mwalimu analazimika kuwaambia watoto wasiamini macho yao. Kuna walimu wanaokwepa kwa kutumia mbegu ndogo kama mchicha, ambazo akiba yake huisha upesi sana. Njia hiyo inafaa kwa asiye na muda. Lakini anayeitumia anapoteza swali la ghala, na kwa maoni yangu swali hilo lina thamani kubwa kuliko jibu la mwanga.

*Ukimya wa mwalimu.* Kitendo cha kutotoa jibu siku ya kumi kilifanya kazi kwa sababu kilifuatwa na kazi ya kufanya. Kama angekaa kimya na jaribio likaishia hapo, watoto wangebaki na imani kwamba giza hukuza. Kukaa kimya bila mpango ni hatari, na hofu ya mwalimu wa taaluma ilikuwa na msingi. Baadaye alikuja mwenyewe kuangalia mizani, akaomba boksi lisiondolewe ili Darasa la Tano nao waone.

*Ujuzi wa nyumbani.* Joya halikuwa kwenye maandalio. Lilikuja kwa kuwa watoto walipewa nafasi ya kusema kitu ambacho hakikuulizwa. Mwalimu wa bara anaweza asiwe na joya, lakini ana kiazi kitamu kinachochipua jikoni mpaka kinasinyaa, au kitunguu kinachotoa majani ndani ya kikapu huku maganda yake yakilegea. Vinaonyesha jambo lilelile.

Kuna yaliyokwama pia, na sitaki yafichwe na uzuri wa mizani.

Lililokwama zaidi ni kutenganisha kuota na kukua. Mwalimu alipowapa zoezi la kuandika, watoto wengi walieleza vizuri kwa nini mche wa gizani ulirefuka na kwa nini ulikufa. Lakini kundi lisilo dogo liliandika kwamba mbegu haiwezi kuota bila mwanga, ingawa wao wenyewe walitoa maharage yaliyoota ndani ya boksi lenye giza. Harage linahitaji maji, hewa na joto ili liote. Mwanga linauhitaji baadaye. Zipo mbegu chache ndogo, kama baadhi ya aina za saladi, zinazohitaji mwanga ili ziote, lakini maharage, mahindi na kunde si miongoni mwao. Ninaamini chanzo ni swali la kwanza ubaoni. Lilichanganya hatua mbili katika neno moja la "kukua", na watoto walibaki nalo hata baada ya swali kubadilishwa. Ingefaa siku ya tano, vifuu visivyooza vilipokuwa vimechipua kwa kiasi kinachokaribiana, darasa lisimame na kuandika: kuota kumekamilika pande zote mbili. Siku hiyo ilimezwa na kadhia ya vifuu vilivyooza.

La pili ni udongo. Watoto waliotabiri kwamba udongo utailisha miche ya gizani walikubali kwamba imekufa, lakini wengi wao walitafuta sababu nyingine, kwamba udongo wa boksi ulikuwa "umechoka". Imani kwamba mmea hula udongo ni ngumu kung'oka, na haikuanza na watoto wetu. Jan Baptist van Helmont aliipima kwa mti wa Ulaya unaoitwa willow: aliupanda kwenye chombo chenye udongo aliokwisha kuupima, akaumwagilia maji kwa miaka 5, na uzito wake ukapanda kutoka kilo 2 na kidogo hadi kilo 77 hivi, huku udongo ukipungua gramu zisizozidi 60. Maandishi yake yalichapwa 1648. Yeye mwenyewe alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji, na hakujua mchango wa hewa. Kisa chake kingetosha kuwapa watoto wale kitu cha kubishana nacho, lakini hakikufika darasani. Jumuiya ilipendekeza badala yake kundi moja lipande maharage kwenye pamba au maranda tu, bila udongo, ili waone kwamba siku kumi za mwanzo zinafanana.

La tatu liliniumiza. Nilipopitia madaftari niliona kwamba katika makundi mengi wasichana ndio waliomwagilia na kufagia udongo, na wavulana ndio walioshika rula, uzi na kalamu ya kundi. Hakuna aliyewapangia hivyo. Kazi zilijigawa zenyewe kwa mazoea ya nyumbani. Yule binti aliyetoa fikra mbili kubwa za somo zima hakuwahi kushika mizani mpaka mwalimu alipolisemea darasani. Kuanzia wiki ya tatu kazi zilizungushwa kwa orodha ya majina, kila siku mtu mwingine. Utaratibu huo ungeanza siku ya kwanza.

Na baadhi ya makundi yalirekebisha namba zao. Daftari mbili zilikuwa na vipimo vya siku ambayo shule haikufunguliwa. Mwalimu hakuwaadhibu, aliwaonyesha tarehe, akawauliza nani alipima. Wasiwasi wa mtoto ni kwamba nafasi tupu kwenye jedwali itamnyima alama. Jedwali la mwalimu halikuwa na sehemu ya kuandika "hatukupima", na sasa ipo.

Kwa atakayelirudia

Panda wiki mbili kabla mada haijafika kwenye ratiba, ili kipindi cha mwanga kikianza miche ya gizani iwe tayari imeanza kusinyaa na ile ya siku kumi iwe mingine, iliyopandwa baadaye. Watoto wataona hatua zote mbili kwa pamoja, na hutahitaji kuomba vipindi vya ziada. Toboa kila chombo. Tenga mbegu kumi kavu kwenye bahasha tangu siku ya kwanza, uandike juu yake tarehe na uzito wa kulinganisha, kwa sababu ukizitafuta mwishoni utakuta robo kilo imeshapikwa. Iodini ishikwe na mwalimu peke yake. Maharage yenye ukungu yatolewe nje na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya uji.

Mwalimu wa kisa hiki ameshaliingiza jaribio kwenye maandalio ya mwaka unaofuata kwa mpangilio huo, na swali la ubaoni limegawanywa mara mbili: lipi linahitajika ili mbegu iote, na lipi linahitajika ili mche uendelee kuishi baada ya ghala kuisha. Darasa lake limeomba kujaribu pia kiazi kitamu ndani ya boksi lenye tundu moja pembeni, waone chipukizi litaelekea wapi. Boksi lipo, kanga ipo, na kiazi kimeshaletwa.